Dume wa Hampshire kwa Majike wa Ganda: Shajara ya Mradi

Januari

Dume wa nguruwe tuliye naye hapa Ganda, karibu na Malindi, amefika mwisho. Amekuwa mzito mno kwa mitamba, na baya zaidi, mabinti zake wameshafika umri wa kupandishwa. Akiendelea atakuwa anapanda damu yake mwenyewe. Mwaka huu ni wa kutafuta dume mpya, na shajara hii ni ya kazi hiyo.

Majike wetu ni Large White waliochanganywa na Landrace, mbegu mbili za nguruwe weupe. Kwa uzazi sina la kuwalaumu. Wanazaa wengi, maziwa wanayo, na hawana vurugu hata ukiingia bandani usiku na tochi. Kasoro iko kwenye nyama ya watoto wao. Wakipita kilo 80 wanaanza kujaza mafuta mgongoni, na ule msuli mrefu wa mgongo, unaokatwa chopsi, unabaki mwembamba. Hoteli za Casuarina na Watamu zinachotaka ni chopsi. Mafuta hayana mwenyewe, isipokuwa mteja mmoja nitakayemfikia baadaye.

Msukumo wa pili umetoka shuleni. Kilabu cha 4-K cha shule ya jirani (hizi za Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilizofufuliwa mwaka 2021) kinataka kupeleka nguruwe kwenye maonyesho ya Mombasa, pale Mkomani. Watoto wa familia za Kiislamu wamechukua kuku na sungura, na nguruwe wamebaki kwa wale ambao wazazi wao wameridhia. Mwalimu wao akaja na ombi, nikakubali, kisha nikaanza kukuna kichwa.

Maana soko na maonyesho ni vitu viwili. Jaji humwona mnyama mzima, akitembea mbele yake kwa dakika chache. Mpishi wa hoteli hamwoni mnyama kabisa, anaona nyama kwenye trei. Dume ni mmoja, na fedha ni za dume mmoja.

Nimeamua awe Hampshire. Ni nguruwe mweusi mwenye mshipi mweupe unaozunguka mabegani na kushuka kwenye miguu ya mbele, masikio yamesimama. Asili yake ni Uingereza, lakini waliomfanya awe alivyo ni wafugaji wa Marekani. Walimpokea kati ya mwaka 1825 na 1835, akashamiri Kentucky, na huko wakamwita nguruwe wa ngozi nyembamba. Chama chao cha kwanza kiliundwa 1893, na jina la Hampshire likawa rasmi 1904. Wamarekani humtumia hadi leo kama dume wa kumalizia: anapandishwa kwa majike wa mbegu nyingine walio wazazi bora, na uzao wote unakwenda sokoni, hakuna binti anayebakishwa. Anachosifiwa ndicho tunachokosa sisi, nyama nene mgongoni na mafuta kidogo.

Kuna walionishauri Duroc. Duroc anakua haraka na nyama yake ina mafuta ya ndani yanayoleta ladha, sibishi. Lakini tatizo langu ni msuli wa mgongo na mafuta ya juu, na kwa hayo mawili Hampshire ndiye wa kuanza naye.

Februari

Kabla ya kwenda kutazama mnyama nimejiwekea ninachotafuta. Ukifika shambani kwa watu bila mpango utauziwa aliye mrembo.

La kwanza ni kujua kipi kinarithiwa. Unene wa mafuta ya mgongoni unarithiwa vizuri, kama asilimia 40 hadi 50. Kasi ya kukua ni karibu 30. Idadi ya watoto katika mzao mmoja ni kama 10 tu. Kwa mfugaji hesabu hiyo ina maana kubwa: mafuta unaweza kuyapunguza kwa dume mmoja mzuri, lakini ukimnunua kwa sababu mama yake alizaa kumi na sita, umelipia bahati. Idadi nawaachia majike na chakula chao.

La pili ni mambo ambayo jicho haliyaoni. Moja ni kasoro ya jeni inayoitwa HAL-1843, iliyotambuliwa mwaka 1991. Nguruwe aliyeirithi kwa baba na kwa mama huwa na misuli ya kutamanisha, lakini akikimbizwa au akipakiwa garini juani anatetemeka, joto la mwili linapanda, na anaweza kufa hapo hapo. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja huwa salama zaidi, ila nyama yake mara nyingi hutoka rangi iliyopauka, laini, yenye kuvuja maji. Hapa kwetu, mwezi Machi, kwenye pikapu ya kwenda machinjioni, mnyama wa namna hiyo ni hasara inayosubiri safari.

Kasoro nyingine ni ya Hampshire hasa. Inaitwa RN, na jeni yenyewe ilipatikana mwaka 2000. Misuli ya nguruwe mwenye RN huhifadhi glaikojeni, yaani akiba ya sukari ya mwilini, kupita kiasi. Akishachinjwa, akiba hiyo inageuka asidi, na nyama inakuwa chachu kuliko kawaida. Mlaji hataona tofauti kubwa, wengine hata huipenda, lakini ikipikwa inapoteza maji mengi, na paja linalotengenezwa hamu (“ham” ya Wazungu) ya kuchemsha linatoka sufuriani limepungua uzito. Ubaya wa RN ni kwamba kuirithi kwa mzazi mmoja kunatosha. Dume akiwa nayo maradufu, watoto wake wote wanayo hata kama majike wangu ni safi.

Rafiki zangu wananiuliza kwa nini nisiagize mbegu za kiume Marekani, ambako madume wa maonyesho wana picha za kung'aa mtandaoni. Mbegu ya nguruwe si kama ya ng'ombe. Hutiwa kwenye kimiminika chake, hutunzwa kwenye nyuzi 17 hivi, na hudumu siku chache tu. Ikigandishwa inapoteza nguvu sana. Marekani ni mbali. Dume wangu atakuja kwa miguu yake minne, na hiyo miguu ndiyo nitakayoitazama kwanza.

Kwa nini miguu? Dume mwenye nyama nyingi kupita zote asiyeweza kupanda ni nguruwe wa kuchinja mwenye bei ya dume. Na sakafu zetu ni za sementi.

Machi

Nimefika shamba moja upande wa Kiambu lenye Hampshire wachache. Mama mwenye shamba alikuwa na madume wawili wa kuuza, umri wa miezi mitano na ushei, wote kama kilo 95. Baba mmoja, mama mbalimbali. Nawaita Mpana na Mrefu.

Mpana ndiye aliyekuwa ametolewa nje, ameoshwa. Kusema kweli alinishika. Mapaja yamejaa mpaka chini karibu na kifundo, mgongo umegawanyika katikati kwa unene wa msuli pande zote mbili, mshipi mweupe umekata sawasawa bila doa.

"Huyu ndiye wa shoo, baba," akaniambia. "Kuna mtu wa Nakuru anampigia simu kila siku."

"Nimemwona, mama, na hongera kwa kazi. Naomba sasa niwaone wote wawili wakitembea, bila kusukumwa."

Nikaomba ndoo ya maji, nikamwaga mlangoni pa banda ili kwato zilowe, halafu wakaachiwa mmoja mmoja wapite kwenye sementi kavu. Ukifanya hivi mnyama anakuandikia mwenyewe. Nguruwe aliyeumbwa vizuri mguu wake wa nyuma hukanyaga pale pale ulipotoka wa mbele, au karibu sana. Alama za Mrefu zilipandana, jozi kwa jozi, mpaka zikakauka. Za Mpana hazikupandana. Mguu wa nyuma ulitua nyuma ya alama ya mbele kwa kama upana wa kiganja, hatua fupi fupi, na kiuno kikiyumba kushoto kulia kwa sababu mapaja yalikuwa yanasukumana. Nikainama kutazama mbele: sehemu iliyo juu ya kwato imesimama wima, haina mteremko wa kupokea uzito. Ukimsikiliza, kwato zilikuwa zinagonga. Mrefu alikuwa anapita kimya.

Kwato zenyewe nazo zina lake. Kila mguu una vidole viwili vya kukanyagia, na vinatakiwa viwe na ukubwa sawa, vimeachana kidogo. Kidole cha ndani cha Mpana kwenye miguu ya nyuma kilikuwa kidogo waziwazi. Kwa kilo 95 hilo halimsumbui. Atakapofika kilo 200, akisimama kwa miguu miwili ya nyuma juu ya jike, uzito wote utaangukia kidole cha nje, kitapasuka, na mimi nitakuwa na dume anayelala.

Mrefu hakuwa na sura ya kumfanya mtu apige simu kila siku. Mapaja ya kawaida, shingo ndefu, mshipi mwembamba upande wa kulia. Lakini mbavu zake zimechanua, kifua kipana kati ya miguu ya mbele, mgongo una urefu, na urefu wa mgongo ndio chopsi. Korodani kubwa, mbili sawa, zimekaa vizuri. Chuchu saba kila upande, zimepangika, hakuna iliyozama. Utasema dume chuchu za nini: anawarithisha mabinti, na ingawa sijapanga kubakisha mabinti zake, siku nikibadili mawazo sitaki kukuta jike wa chuchu kumi.

Daktari wa mifugo aliyefuatana nami alikuwa na kile kipimo cha mawimbi ya sauti. Akapima mahali panapoitwa P2, sentimita 6.5 kutoka katikati ya mgongo, kwenye ubavu wa mwisho. Mpana milimita 9, Mrefu 12. Majike wangu, uzao wao ukiwa na uzito huo, unacheza kati ya 18 na 20. Kwa hiyo hata Mrefu, mwenye mafuta zaidi kati yao, ananipunguzia mafuta ya kutosha. Tofauti ya milimita tatu kati ya ndugu hawa wawili haikunitosha kununua miguu mibovu.

Karatasi za vipimo alikuwa nazo: baba na mama wote wawili ni safi kwa HAL. Wazazi wakiwa safi, mtoto hana pa kuipata. Kwa RN hakukuwa na karatasi. Nikauliza kama kuna ndugu zao waliochinjwa karibuni, mama akaniunganisha na muuza nyama wake, na kwenye friji yake nikachomeka kipimo cha pH (namba ikishuka, asidi imezidi) kwenye misuli ya mgongo ya nguruwe wa siku iliyotangulia. Ikasoma 5.6, mwingine 5.7. Nyama ya kawaida baada ya saa 24 hukaa 5.5 hadi 5.8, na yenye RN hushuka chini kidogo ya hapo. Si ushahidi wa mahakamani. Lakini walikuwa watoto wa baba yule yule, na sikuona dalili mbaya.

Jioni nilimlipia Mrefu. Mama alishangaa kidogo, kisha akacheka: "Basi Nakuru wamepona."

Niliulizwa njiani na daktari kama sijawanyima watoto wa 4-K nafasi ya kushinda. Jibu langu ni kwamba Mpana mwenyewe hangesimama ulingoni, ambao wangesimama ni watoto wake waliozaliwa na majike wangu. Majike wangu tayari wana mgongo ulionyooka na miguu mikavu. Nikiwaongezea dume aliyekakamaa nitapata nguruwe wenye misuli wanaotembea kama wamevaa viatu vya kubana, na jaji anayejua kazi yake huona hilo kabla mnyama hajamaliza mzunguko wa kwanza.

Aprili

Makaratasi kwanza. Nguruwe hahamishwi kaunti hadi kaunti hivi hivi. Ofisi ya mifugo ya huku inaandika kwamba haina pingamizi, ndipo ya kule inatoa kibali cha kusafirisha. Watu hulalamika kuwa ni usumbufu, mimi silalamiki. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na hapa nchini hatuna chanjo yake. Ugonjwa wenyewe uliandikwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, na Montgomery, mwaka 1921. Ngiri hubeba virusi bila kuumwa, papasi waishio kwenye mashimo ya ngiri huvihamisha, na nguruwe wa kufugwa akivipata banda zima linakwisha. Sisi tuko kati ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye nguruwe mwitu, na nyika ya Tsavo yenye ngiri. Uzio wetu ni wa mara mbili. Mabaki ya chakula ya hoteli, ambayo wenzetu wengi huyategemea, hayaingii hapa yakiwa mabichi: ama yanachemshwa nusu saa kamili, ama yanabaki huko huko hotelini.

Safari ilifanywa usiku. Nguruwe hana jasho la maana la kumpoza, na barabara ya Mombasa mchana, kutoka Mtito Andei kushuka, ni tanuri. Hakulishwa asubuhi ya kuondoka, maji alipewa. Gari lilikuwa na maranda yaliyoloweshwa, turubai juu, pembeni wazi. Tulivuka Kilifi alfajiri na kufika Ganda kabla jua halijawa kali.

Turubai lina kazi nyingine pia. Njia yetu inapita mbele ya msikiti mdogo na nyumba za watu wasiotaka kumwona mnyama huyu, na ni haki yao. Mzee wa shamba linalopakana na letu, ambaye ni Mwislamu, niliwahi kumwendea tangu siku za kujenga mabanda ya kwanza. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, tukakaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, riziki yako sina neno nayo. Ila maji yasishuke kwangu, na harufu isinikute kwenye mkeka wa swala." Shimo la taka likachimbwa upande wa pili, mabanda yakawekwa mahali ambapo upepo wa kusi na wa kaskazi hauelekei kwake. Dume mpya nilimweleza pia, maana kujua kutoka kwangu ni tofauti na kusikia barabarani.

Mrefu sasa yuko karantini, banda la peke yake, mbali na wengine, mhudumu wake hashiki banda jingine. Daktari amechukua damu ya kupima magonjwa ya brusela na leptospira.

Mei na Juni

Mvua za masika. Majibu ya damu ni mazuri. Mwishoni mwa karantini tulimwekea jirani jike mzee anayengoja kuchinjwa, wakigusana pua kwenye vyuma. Dume mgeni hana kinga ya vijidudu vya hapa, na majike wa hapa hawana kinga ya vyake. Afadhali wazoeane kupitia mmoja ambaye hatutamlilia, kabla hajakutana na wenye mimba.

Kazi kubwa imekuwa banda. Joto ndilo adui wa dume pwani kuliko kitu kingine. Likipanda kuvuka nyuzi 30 siku kadhaa mfululizo, mbegu zinaharibika, na hutaiona hasara leo. Mbegu huchukua karibu wiki saba tangu kuanza kutengenezwa hadi kutoka, kwa hiyo joto la leo linajitokeza wiki kadhaa mbele, majike wanarudi joto, yaani wanataka dume tena kwa kuwa mimba haikushika, na wewe unamlaumu mhudumu. Nimemjengea banda la paa la makuti marefu, ukuta wa nusu, mita tatu kwa tatu, lango upande wa upepo. Mabati yangekuwa rahisi na ya kudumu, lakini chini ya mabati saa nane mchana hata mimi sikai. Juu kuna bomba la matone ya maji yanayofunguliwa saa nne hadi saa kumi, yanamlowesha kisha yanaacha upepo umkaushe. Weusi wake unamwokoa na kuchomwa na jua, jambo linalowatesa Large White wetu, ila kivuli anakihitaji kama wengine.

Chakula ni kilo mbili hadi mbili na nusu kwa siku, protini asilimia 15 hivi. Hapa tunatumia pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, na mashudu ya nazi kidogo. Ya nazi yanapatikana kila kona na bei yake ni nzuri, lakini yana upungufu wa laisini, moja ya viungo vinavyojenga protini, na nguruwe wa kujenga misuli bila laisini hajengi. Kwa dume kidogo yanatosha. Kwa watoto wa maonyesho nitaongeza soya.

Alipofika miezi minane tulimjaribu kwa jike mzee mpole. Dume wa mara ya kwanza usimpe mtamba mwenye woga, wala jike mkali, akiumizwa siku hiyo atakumbuka. Alipanda mbele, akageuka, akapanda vizuri. Tulichunguza pia kama kuna ule ukano unaoshika ncha ya uume usitoke sawasawa, kasoro ndogo inayoweza kukaa bila kugunduliwa mwaka mzima. Hakuna.

Julai

Kusi imeshika, usiku kuna ubaridi, na huu ndio msimu. Anafanya kazi si zaidi ya mara tano kwa wiki, na bado kijana, kwa hiyo mara nyingi ni pungufu ya hapo. Kila jike anapandishwa mara mbili, asubuhi akisimama imara ukimkandamiza mgongoni, na tena baada ya saa kumi na mbili au siku inayofuata. Baada ya siku 18 hadi 24 tunampitisha Mrefu mbele yao kuona nani amerudi joto. Amerudi mmoja, na huyo ana historia.

Miguu: hachechemei, kwato zimechakaa sawasawa.

Novemba

Siku 114, miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na wamezaa karibu na tarehe zao. Mizao ni ya ukubwa ule ule tuliouzoea, kama nilivyotarajia.

Rangi imewashangaza majirani na wanafunzi. Walitaka mishipi. Weupe wa Large White na Landrace una nguvu juu ya weusi wa Hampshire, kwa hiyo wengi wametoka weupe, na baadhi wana mabaka ya buluu-kijivu kiunoni na mapajani. Wamarekani wanauthamini sana mchanganyiko huu, wakiona kiuno cha buluu wanajua ni Hampshire juu ya Yorkshire, jina lao la Large White. Mtoto mmoja wa kilabu alinivuta shati: "Mwalimu, huyu ameumia?" Nikamwonyesha kwamba rangi iko kwenye ngozi, nywele juu yake bado nyeupe.

Hawa wa Novemba ni wa soko. Kwa maonyesho hesabu inatakiwa ianzie mwisho kurudi nyuma. Maonyesho ya Mombasa huangukia karibu mwisho wa Agosti au Septemba. Nguruwe wa nyama anapendeza ulingoni akiwa na miezi sita. Basi azaliwe mwishoni mwa Februari, na mama yake apandishwe mwanzoni mwa Novemba. Majike watatu niliowachagua kwa miguu na urefu wamepandishwa wiki hii. Uzuri wake ni kwamba mbegu anazotumia sasa zilitengenezwa Septemba na Oktoba, kabla kaskazi haijaanza kuchoma. Ningengoja Februari ningekuwa nabahatisha.

Mei, mwaka wa pili

Wa soko wamechinjwa. Hii ndiyo siku niliyokuwa nangoja tangu Kiambu, kuliko hata maonyesho. Nilisimama na mkaguzi wa nyama, na siku iliyofuata nikarudi na kipimo. Walikuwa kilo 95 hadi 102 wakiwa hai. Mafuta ya mgongoni milimita 13 hadi 15, kutoka 18 na zaidi ya wale wa dume mzee. pH baada ya saa 24: kati ya 5.5 na 5.7, wote, kutoka mizao tofauti. Dume mwenye RN maradufu angewapa watoto wote, na mwenye moja angewapa nusu. Katika kundi hili hakuna aliyejitenga na wenzake kwa kushuka, kwa hiyo kwangu suala la RN limefungwa. Nyama ilikuwa na rangi ya waridi iliyokolea, trei haikujaa maji. Mpishi wa Watamu aliitazama chopsi, akaipima kwa kidole, akaagiza za wiki mbili mbele.

Wa maonyesho wana miezi miwili na nusu. Tumechagua wanne na watoto wa kilabu, kwa ndoo ile ile ya maji mlangoni. Niliwaambia wasinionyeshe aliye mnene, wanionyeshe anayekanyaga alama yake. Walibishana sana juu ya dume mmoja aliyehasiwa mwenye kiuno cha buluu. Alama zake zinakaribia kupandana, hazipandani. Wamempa wiki nne. Kila mmoja amepewa fimbo na zamu ya kumtembeza wake jioni jua likipungua, maana nguruwe asiyefundishwa kutembea akifika Mkomani atamvuta mwenye naye hadi lango la kutokea.

Na yule mteja wa mafuta. Ni Mwitaliano mzee, mmoja wa wale ambao familia zao zilijongea Malindi miaka ambayo roketi za San Marco, mradi wa anga wa Italia, zilikuwa zikirushwa pale Ngomeni, na anatengeneza hamu mbichi na soseji za kukausha nyumbani kwake. Nilimpelekea paja la uzao mpya. Akalipapasa, akatikisa kichwa. Kwake halifai: hamu ya kukaushwa miezi inataka kanzu ya mafuta, kwao Italia hutumia nguruwe wakubwa wa miezi tisa na kuendelea, na mimi nimetumia mwaka na ushei kuyaondoa mafuta hayo. Tumeelewana atachukua majike wanaostaafu kwa ajili ya soseji, na paja la Hampshire nisimpelekee tena.